Muulize Fundi wa Gemu: Ukuta Wenye Gundi

Mwezi huu barua tano zinazungumzia kitu kimoja: kuta. Sikushangaa. Anayeanza kutengeneza gemu hudhani kazi kubwa ni picha, halafu mhusika wake anagusa ukuta wa kwanza na furaha yote inaisha. Nimezijibu zote tano. Ile ya bodaboda ndiyo iliyonifanya nichelewe kulala.

Shikamoo Fundi. Nasoma chuo hapa Morogoro na natengeneza gemu ya kutembea ndani ya jumba la kale, unaona kwa macho ya mhusika mwenyewe. Nimeandika hivi: kabla hajasogea, angalia kama anakokwenda kuna ukuta, kama upo, asisogee. Inafanya kazi, ila wenzangu wakicheza wanasema korido zinakera, wanakwama kila hatua mbili. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba mwanangu. Msimbo wako hauna kosa la hesabu, una kosa la adabu. Mtu anayebonyeza mbele huku ameuelekea ukuta kiupandeupande hasemi "nataka kuingia ukutani". Anataka kufika mwisho wa korido, ila vidole vyake si rula. Wewe unamjibu kwa kumgandisha. Ukipita kichochoroni gizani bega likagusa ukuta, husimami kama mlingoti. Bega linakwaruza kidogo, miguu inaendelea. Mkwaruzo huo ndio unaotakiwa kuuandika.

Chukua mwendo wake uugawe. Tuseme anakwenda mita 3 kwa sekunde kuelekea mashariki na mita 4 kuelekea kaskazini, jumla mita 5 kwa sekunde kwa mshazari. Ukuta uko mashariki. Ile 3 ndiyo inayogombana na ukuta, ifute. Ile 4 haina ugomvi na mtu, iache ilivyo. Mhusika atateleza kaskazini kando ya ukuta na wenzako wataacha kulalamika.

Kama kuta zako zote zimenyooka kwa gridi, huhitaji hata vekta, yaani mshale wenye urefu na mwelekeo. Msogeze mashariki-magharibi peke yake, upime. Kisha msogeze kaskazini-kusini, upime tena. Upande mmoja ukikataliwa, wa pili unapita. Kwa kuta za mshazari unahitaji mshale wa ukuta: vekta yenye urefu wa 1, inayotoka ukutani kwa pembe mraba kuja upande wa mchezaji. Tuuite n, na mwendo tuuite v. Tafuta zao la nukta la v na n (zidisha sehemu zao za mashariki, zidisha na za kaskazini, jumlisha), upate namba moja, kisha fanya hivi: v = v − (v·n)n. Basi, mstari mmoja.

Mstari huohuo ndio ulioniaibisha. Nilikuwa natengeneza gemu ya kumfukuza paka kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja. Nikauandika, nikajipongeza kwa chai na vitumbua viwili, nikampa padi mpwa wangu wa miaka tisa ajaribu. Dakika mbili hazijaisha akanirudishia. "Mjomba, ukuta wako una gundi." Nikamwambia hajui kucheza. Alipoondoka nikajaribu mwenyewe, na kweli: ukishagusa ukuta hubanduki. Kwenda mbele na kurudi nyuma kando yake unateleza vizuri kabisa, lakini kurejea katikati ya njia, huwezi.

Jioni mbili zilipita ndipo nikaona. Zao la nukta lina alama. Likiwa hasi, mchezaji anauendea ukuta. Likiwa chanya, anauacha. Mimi nilikuwa nafuta bila kuuliza alama, kwa hiyo mtoto alipovuta padi kuondoka, msimbo ulimfutia kuondoka kwake. "Kama" moja tu ikaponya: kama namba ni hasi, futa, la sivyo, mwache aende zake. Mpwa wangu sijamwomba radhi mpaka leo, ila namnunulia soda mara kwa mara.

Jingine, usimrudishie kasi uliyoifuta. Kuna wanaochukua ile 4 wakaivuta mpaka 5 "ili mwendo usipungue". Matokeo yake kukwaruza ukuta hakumgharimu mchezaji chochote, na ukuta unapoteza uzito wake machoni. Acha apungue. Mwili wa mtu unaelewa upungufu huo bila kuelezwa.

Utakutana pia na kona ya ndani, kuta mbili zinapokutana. Ukuta wa kwanza unampeleka kwenye wa pili, wa pili unamrudisha kwenye wa kwanza, na skrini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Kampuni ya id Software ililishughulikia hilo kwenye gemu yake ya Quake ya 1996, na kwa kuwa msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 1999, unaweza kuusoma mwenyewe. Wanajaribu kuteleza mara nne tu kwa kila hatua, basi. Akibanwa na kuta mbili, wanampitisha kwenye mstari zinapokutania. Na mwendo uliobaki ukianza kuelekea kinyume na alikotaka kwenda, wanamsimamisha kabisa. Hilo la mwisho ndilo dawa ya homa.

Mwisho, usimlaze mhusika ukutani moja kwa moja. Namba za desimali za biti 32 zina tarakimu kama 7 tu za kuaminika. Anayegusa ukuta "sawasawa" fremu hii, yaani picha hii moja ya skrini, atakuwa ndani yake kwa unywele fremu ijayo. Acha kiuwazi chembamba. Character Controller ya Unity, injini (programu) ya kutengenezea gemu, huja na mita 0.08, na mimi naona inatosha kwa mtu wa kimo cha kawaida.

Fundi, mambo? Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mwanza, usiku najifunza kutengeneza gemu. Yangu ni ya bodaboda, ulitegemea nini! Pikipiki nimeipa urefu wa mita 2, kuta unene wa sentimita 20, kasi ya juu kilomita 90 kwa saa. Kwenye kompyuta ya rafiki yangu, fremu 60 kwa sekunde, iko safi. Kwenye simu yangu, ambayo inatoa kama fremu 15, pikipiki ikigonga ukuta mara nyingine inasimama, mara nyingine inatokea upande wa pili kama jini. — Bosi wa Usiku, Mwanza

Poa Bosi. Jini wako nimemhesabu, kaa chini.

Gemu haiendeshi pikipiki, inaihamisha. Iko hapa, halafu iko pale, katikati haijapita. Kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde. Kwenye kompyuta kila ruko ni sentimita 42 hivi. Kwenye simu yako kila ruko ni sentimita 167.

Sasa, naamini msimbo wako unafanya kama wa wengi: pikipiki ikikutwa ndani ya ukuta, isukume itokee upande ulio karibu. Katikati ya pikipiki ni mita moja nyuma ya pua. Katikati ya ukuta ni sentimita 10 ndani. Kwa hiyo pua ikizama zaidi ya sentimita 110, katikati ya pikipiki imeshavuka katikati ya ukuta, na "upande ulio karibu" sasa ni ule wa pili. Msimbo wako, kwa nia njema kabisa, unaisukuma huko. Kwenye kompyuta pua haiwezi kukutwa imezama zaidi ya 42, ndiyo maana uko salama siku zote. Kwenye simu inaweza kukutwa popote kati ya 0 na 167, na zinazozidi 110 ni kama theluthi moja. "Mara nyingine" yako ndiyo hiyo.

Dawa ya kwanza ni kuacha kuipimia dunia yako kwa fremu za skrini. Weka kibubu. Kila fremu, muda uliopita tangu fremu iliyotangulia unautumbukiza kibubuni. Kisha kila ukikuta humo sehemu moja ya 60 ya sekunde, itoe na uendeshe hatua moja ya mwendo na ukaguzi wa kuta. Simu ya fremu 15 itatoa hatua nne kwa kila picha, na kila hatua itakuwa ya sentimita 42 kama kwenye kompyuta. Ila kibubu kiwekee kikomo, tuseme hatua tano kwa fremu. Bila kikomo, simu ikilemewa inadaiwa hatua nyingi zaidi, ikidaiwa zaidi inalemewa zaidi, na deni la namna hiyo wewe kama mtu wa pikipiki ya mkataba unalijua. Ukiweka kikomo, gemu itakwenda polepole simu inapochoka, lakini haitapenya tofali.

Dawa ya pili ni kuuliza swali jingine. Badala ya "je, niko ndani ya ukuta?", uliza "toka hapa mpaka ninapotaka kufika, nitagusa ukuta baada ya umbali gani?" Unapiga mstari, au unaburuta umbo zima la pikipiki kwenye njia yake, na unasimama pale pa kwanza. Hesabu yake ni nzito kidogo, ila kwa kitu kimoja kinachokwenda kasi hata simu ya zamani inaimudu. Kama uko Unity na pikipiki ina Rigidbody, kile kipande kinachokifanya kitu kitii fizikia, kuna chaguo la Continuous linalofanya kazi hiyo. Sharti uisogeze kwa fizikia, kwa sababu ukibadilisha namba za mahali kwa mkono unairuka injini yote.

Na kuna dawa ya tatu ambayo vitabuni wanaionea haya. Ukuta unaoonekana uache sentimita 20, lakini ule usioonekana, kolaida yenyewe, unenepeshe kwa ndani mpaka mita mbili pale ambapo nyuma yake hakuna njia. Nani atajua? Mimi nafanya hivyo kila wiki.

Assalaam aleikum Fundi. Nakuandikia kutoka Muscat. Natumia injini ya Godot 4. Mchezaji nimempa kasi ya 300 nikazidisha na delta, ule muda wa hatua moja, kama nilivyofundishwa, nikaita move_and_slide. Anatambaa kama konokono. Nikitumia move_and_collide anakwenda sawa, lakini kwenye ukuta anaganda. — Msomaji wa Muscat

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Amri hizo mbili ni ndugu, ila zinakula vyakula tofauti. move_and_slide inataka kasi kwa sekunde, na delta inazidisha yenyewe ndani. Ulipozidisha na wewe, kwa hatua 60 kwa sekunde, 300 yako ikawa 5. Toa delta yako. move_and_collide inataka umbali wa hatua hii moja, kwa hiyo hapo delta ni halali, lakini kuteleza haikufanyii. Inakurudishia habari za mgongano, na uamuzi ni wako. Kama gemu yako inaonekana kutoka juu, badilisha pia hali ya mwendo iwe Floating, la sivyo injini itaendelea kutafuta sakafu na dari mahali pasipo navyo. Kwenye hali hiyo kuna pembe ya nyuzi 15: mchezaji akiuendea ukuta karibu uso kwa uso, anasimama tu badala ya kunyatia kando. Wengine huifuta. Mimi naipenda, maana mtu aliyeugeukia ukuta kabisa huenda anataka kuusoma.

Fundi, mimi ni mama wa watoto wawili hapa Mombasa, sijui lolote la msimbo, nasoma ukurasa wako kwa sababu ya kifungua mimba wangu wa miaka 14. Anacheza Super Mario 64, na siku hizi "anavunja rekodi" kwa kurukaruka kinyumenyume mpaka apite ndani ya mlango uliofungwa. Nikimwambia huo ni wizi ananiambia ndiyo mchezo wenyewe. Nani mkweli? — Mama Wawili, Mombasa

Mama, kijana wako anazungumzia ukurasa maarufu wa historia ya kuta.

Gemu hiyo ya 1996 inakwenda fremu 30 kwa sekunde, na walioitengeneza walijua hatari niliyomweleza Bosi hapo juu. Kwa hiyo kila fremu mwendo wa Mario unagawanywa mara nne, na kuta zinakaguliwa kila robo. Kwa kasi ya kawaida, hapenyi. Ila kasi ya kwenda mbele walipoiwekea kikomo kwenye ule mruko mrefu, ya kwenda nyuma wakaisahau. Mtu akiruka mruko mrefu kinyumenyume mara nyingi kwa haraka, hasa kwenye ngazi, kasi inalimbikizana mpaka robo ya hatua inakuwa ndefu kuliko mlango. Mario anakaguliwa akiwa kabla ya mlango na akiwa baada yake, kamwe si wakati yumo ndani yake.

Doom ya 1993 nayo ina kuta ambazo ukikimbia ukizisugua unakwenda kasi kuliko anayekimbia katikati ya ukumbi. Ni kosa la hesabu ya kuteleza, na wakimbiaji, yaani wanaoshindana kumaliza gemu kwa haraka, wameligeuza barabara kuu.

Je, ni wizi? Wakimbiaji hao wana madaraja yenye sheria zilizoandikwa. Mengine yanaruhusu mbinu hizo, mengine yanazikataza. Muulize anashindana daraja gani. Akikujibu bila kubabaika, hajaiba. Na Mama, kuufanya mruko ule kwa vidole si rahisi hata kidogo. Mimi nimeshindwa.

Fundi habari. Niko Unguja. Gemu yangu inaonekana kutoka juu, vigae vya pikseli 16, kijana wangu ana upana wa pikseli 16 na vichochoro vina upana wa kigae kimoja. Anateleza vizuri ukutani, lakini kuingia kichochoro cha pembeni ni kazi: lazima asimame pale pale, pikseli ikizidi moja anagonga kona. Halafu hata ukuta ulionyooka, mara anajikwaa kwenye kitu nisichokiona. — Mpita Njia, Shangani

Nzuri, Mpita Njia. Mtu anayeishi huko kuniuliza mimi vichochoro ni heshima kubwa, maana vyangu nilivichora kwa kumbukumbu ya safari tatu tu.

Pikseli 16 ndani ya pikseli 16 ni gari linaloingia gereji bila nafasi ya kufungua mlango. Picha ya kijana iache 16, lakini mwili wa kukaguliwa ufanye 10 au 11, tena uuweke miguuni. Mabega yatagusa ukuta kwenye picha na hakuna atakayelalamika. Kila siku huko kwenu watu wanapishana na baiskeli kwa kubana mabega.

Kisha mrekebishie kona. Akibonyeza kulia akazuiwa, pima: kinachomzuia ni ukuta mzima au ni ncha tu ya kona? Kama akisogezwa pikseli 4 au pungufu kwenda juu au chini njia inafunguka, msogeze wewe. Gemu ya Celeste ya 2018 inafanya hivyo hewani: ukiruka ukagonga ukingo wa dari kwa pikseli 4, inakusogeza kando na mruko unaendelea. Wachezaji hujiona mahodari, na waache wajione. Njia nyingine ni kumpa mwili wa duara, ambao kona inamsukuma kando yenyewe kwa ile hesabu niliyompa wa Morogoro. Kwa vichochoro vyembamba mimi nachukua pikseli 4, kwa sababu duara likiachwa linamtelezesha hata pale alipotaka kusimama kwenye kona achungulie.

Mpe na nafasi ya kuwahi. Akibonyeza kulia kabla hajafika kwenye uwazi, kumbuka amri hiyo kwa sehemu ya kumi ya sekunde uitekeleze akifika. Pac-Man ya 1980 tayari ilimruhusu mchezaji kuanza kukata kona kabla hajafika katikati yake.

Kitu usichokiona ni mshono. Ukuta wako si ukuta, ni vigae ishirini vilivyopangwa, kila kimoja na pande zake nne. Kijana akizama kwa unywele kwenye kigae cha kwanza, ubavu wa kigae cha pili unasimama mbele yake kama kizingiti. Unganisha vigae vinavyogusana viwe kolaida moja ndefu kabla gemu haijaanza. Injini nyingi zina chombo cha kazi hiyo; kama yako haina, kitanzi, yaani msimbo unaojirudia, cha mistari kumi kinatosha.

Umeniuliza pia mwishoni mwa barua, nimeikata kwa nafasi, utajuaje kwamba imekaa sawa. Mpe mtu ambaye hajawahi kuicheza, usimwambie unapima nini, kaa nyuma yake. Ukimwona anaangalia vidole vyake, andika alipokuwa: hapo pana kona mbovu. Mpwa wangu nilimpa tena vichochoro vyangu sikukuu ya Idi. Alicheza mpaka akaitwa kula mara ya pili. Kuhusu ukuta hakusema neno. Alilalamikia kitu kimoja tu, kwamba paka wangu anafanana na mbuzi, na hilo nalishughulikia.